Kabla ya Kununua Gari la Michezo la Zamani la Uingereza

Fundi wa majahazi wa Nungwi hapimi chombo kwa rangi yake. Hugonga mbao, hukagua maungio na huuliza chombo kimekaa majini miaka mingapi. Katika somo hili tunamwomba mnunuzi wa gari la michezo la zamani afanye vivyo hivyo, kwani akiba ya miaka mingi huweza kupotea kwa kutazama juu na kusahau chini.

Mfano wetu ni MGB, gari la viti viwili lililoundwa Abingdon, Uingereza, kuanzia mwaka 1962 hadi 1980. Yaliundwa zaidi ya 500,000, pamoja na yale yenye paa la kudumu yaitwayo MGB GT. Kwa sababu ya wingi huo, bado yanauzwa na vipuri vyake hupatikana kwa kuagiza.

Kutu kwanza, injini baadaye

MGB halina chasisi ya pekee. Bodi yenyewe ndiyo inayobeba uzito, na sehemu kubwa ya nguvu zake imo katika mihimili ya chuma iliyo chini ya milango. Mihimili hiyo ikiliwa na kutu, gari huanza kupinda katikati. Nungwi iko kwenye ncha ya kisiwa, na upepo wa bahari wenye chumvi huharakisha kutu, hasa kwa gari linalolala nje.

Kwa hiyo, fungua na ufunge milango yote miwili. Inapaswa kufungika bila kuinuliwa kwa mkono. Kisha liinue gari kwa jeki upande mmoja, mahali palipotengwa kwa kazi hiyo. Ikiwa uwazi kati ya mlango na bodi unapungua, mhimili umedhoofika. Pitisha sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa chini ya milango na kuzunguka magurudumu. Isiposhika, huenda mashimo yamezibwa kwa fila na kupakwa rangi. Usiingie kamwe chini ya gari linaloshikiliwa na jeki pekee.

Injini, yenye ujazo wa sentimita za ujazo 1,798, ni nyepesi kutengeneza kuliko bodi. Ni heri gari lenye injini iliyochoka na bodi nzima kuliko lenye injini nzuri ndani ya bodi iliyooza.

Mambo manne ya kuuliza

*Usukani.* MGB nyingi ziliuzwa Marekani, zikiwa na usukani wa kushoto. Kwetu magari hupita upande wa kushoto wa barabara, hivyo dereva wake huona kwa shida anapotaka kulipita daladala.

*Petroli.* Injini hizi ziliundwa zama za petroli yenye madini ya risasi, ambayo ilikwisha kuondolewa sokoni Afrika Mashariki ifikapo mwaka 2006. Uliza kama siti za valvu zimebadilishwa na kuwekwa ngumu zaidi.

*Umeme.* Katika magari yaliyoundwa kabla ya mwishoni mwa 1967, upande chanya wa betri ndio uliounganishwa na bodi, kinyume cha magari ya Kijapani tuliyoyazoea. Fundi asiyelijua hilo anaweza kuunguza vifaa.

*Spana.* Nati nyingi hupimwa kwa inchi. Fundi mwenye spana za milimita pekee ataziharibu.

Nyaraka na malipo

Linganisha namba ya chasisi na ya injini na zilizoandikwa kwenye kadi ya gari. Kwa malipo, British Motor Museum iliyoko Gaydon, Uingereza, hutoa cheti kutokana na kumbukumbu za kiwanda, chenye tarehe ya kuundwa kwa gari, rangi yake ya awali na namba ya injini.

Ikiwa gari halijasajiliwa Zanzibar, pata hesabu ya kodi kutoka mamlaka ya kodi inayohusika kabla ya kulipa chochote. Usitoe arubuni kwa kuona picha tu. Muuzaji aandike kasoro zote anazozijua, atie saini na akupe risiti. Mkataba ulioshuhudiwa na sheha ni ushahidi mzuri, lakini hauchukui nafasi ya kuhamisha umiliki. Kamilisha uhamisho huo kabla ya kumaliza malipo, hasa muuzaji akiwa mgeni anayekaribia kuondoka kisiwani.

Maswali ya kujipima

1. Je, nimeiona mihimili iliyo chini ya milango kwa macho yangu?
2. Je, ninamjua fundi mwenye ujuzi wa kabureta na spana za inchi?
3. Je, gari litalala wapi wakati wa upepo na mvua?
4. Je, nimebakiza fedha za vipuri, usafirishaji wake na kodi?

Swali lisipokuwa na jibu, fedha ibaki mfukoni mpaka jibu lipatikane.