Amplifaya ya Vali: Kwa Nini Kosa Lake Hupendeza Sikio?

Wanafunzi wangu wa fizikia, na wazazi wao pia, huniuliza kwa nini watu wengine hutoa fedha nyingi kununua amplifaya ya vali, hali amplifaya ndogo ya transista hufanya kazi ile ile kwa bei nafuu. Wengine husema sauti ya vali ina joto na ukweli zaidi. Wengine husema huo ni upuuzi mtupu. Naona pande zote mbili zimechanganya maswali mawili. La kwanza: je, sauti hii ni sawa na ile iliyorekodiwa? La pili: je, yanipendeza? La kwanza hujibiwa kwa vipimo, na la pili hujibiwa na sikio la kila mtu.

Kwanza tujue vali ni nini. Ni chupa ndogo ya kioo iliyoondolewa hewa. Ndani yake mna kathodi, ambayo ikipashwa moto hutoa elektroni, na anodi, ambayo huzivuta. Mwingereza John Ambrose Fleming alitengeneza vali ya sehemu hizo mbili mwaka 1904. Mwaka 1906 Mmarekani Lee de Forest akatia waya katikati yao, uitwao gridi. Vali ya namna hii huitwa triodi. Badiliko dogo la umeme kwenye gridi huleta badiliko kubwa la mkondo uendao kwenye anodi, kama vile mkono mmoja uwezavyo kufungua na kufunga bomba kubwa la maji. Hivyo umeme dhaifu utokao kwenye santuri hupata nguvu ya kutikisa spika. Transista ilizaliwa katika maabara ya Bell, Marekani, mwezi wa Desemba 1947, na baadaye ikachukua mahali pa vali katika nyumba nyingi.

Amplifaya kamili ingekuza wimbi la sauti bila kuligeuza umbo, lakini hakuna iliyo kamili. Tuseme twaingiza sauti moja safi ya hezi 200. Hutoka hezi 200 iliyokuzwa, na pamoja nayo sauti nyingine ambazo hazikuwamo: 400, 600, 800 na kuendelea. Hizi huitwa hamoniki, na kosa lenyewe huitwa upotoshaji wa sauti. Si kila amplifaya ya vali yenye kosa kubwa. Mwaka 1947 D. T. N. Williamson alichapisha huko Uingereza mchoro wa amplifaya ya vali ambayo upotoshaji wake haukuzidi asilimia 0.1 kwa wati 15. Lakini amplifaya za triodi moja, zisizorudisha nyuma sehemu ya sauti ili kusahihisha makosa, zaweza kufika asilimia kadhaa zikitumikishwa sana.

Sasa, kosa lawezaje kupendeza? Waimbaji wa kwaya wataelewa upesi. Hamoniki ya pili, hezi 400, ni "do" ile ile ya juu, kama watoto waimbapo wimbo mmoja na baba zao. Ya tatu, hezi 600, ni "so" iliyo juu ya hiyo. Zote mbili huafikiana na sauti ya kwanza na kuinenepesha. Lakini ya saba, hezi 1400, huangukia kati ya "la" na "ti", nayo hukwaruza. Tena sauti kubwa huzificha sauti ndogo zilizo karibu nayo, kwa hiyo hamoniki ya pili hujificha kuliko ya saba. Mwaka 1950 D. E. L. Shorter wa BBC alipendekeza kwamba hamoniki za juu zihesabiwe kuwa kosa zito zaidi. Triodi moja hutoa hasa hamoniki ya pili. Baadhi ya amplifaya za kwanza za transista zilikuwa na kigugumizi pale wimbi lipitapo kwenye sifuri, na kigugumizi hicho huzaa hamoniki za juu.

Hata hivyo, utamu huo una mipaka. Zikiingia sauti mbili pamoja, tuseme hezi 500 na 570, kosa lile lile huzaa pia jumla yake, 1070, na tofauti yake, 70, ambazo haziafikiani na wimbo. Ndiyo sababu mwimbaji mmoja aweza kusikika vizuri, na kwaya nzima ikasikika kama imefunikwa blanketi.

Mwaka 1985 fundi wa Marekani, Bob Carver, aliwaambia wahariri wa gazeti la Stereophile kwamba aweza kuifanya amplifaya yake ya transista isikike kama yoyote watakayochagua. Wakachagua ya vali, ya bei kubwa. Akairekebisha yake mpaka tofauti ya sauti zao ikawa ndogo mno. Wahariri wakasikiliza wasiweze kuzitofautisha. Basi joto la vali si siri iliyofungiwa ndani ya kioo. Laweza kupimwa, na laweza kuigwa.

Anayetaka kujua kama kweli asikia tofauti afanye hivi. Asawazishe ukubwa wa sauti za vyombo viwili kwa voltimita kwenye spika, maana sauti iliyozidi kidogo tu hudhaniwa kuwa bora. Kisha mwenzake, nyuma ya pazia, arushe sarafu kuchagua kipi kilie, mara 10. Kupata majibu 9 au 10 kwa kubahatisha tu hutokea mara 11 katika 1024. Akifika hapo, sikio lake lina ushahidi. Ila nawaonya wanafunzi: msifungue amplifaya ya vali. Ndani mna volti mia kadhaa, na kapasita zake zaweza kuua hata baada ya kuzimwa.

Wahenga walisema, kipendacho roho hula nyama mbichi. Mzazi apendaye sauti ya vali na ainunue kwa furaha, ikiwa karo imekwisha lipwa. Lakini aseme, "Yanipendeza," asiseme, "Ni ya kweli zaidi," mpaka ameipima. Mwanafunzi ajuaye kutenganisha maneno hayo mawili amejifunza jambo litakalomfaa hata nje ya fizikia.