Namba Uliyoiandika Jumamosi

*Shangazi, ninaishi Columbus, Ohio. Mwanangu wa miaka 12 anacheza besiboli katika ligi ya watoto ya mtaani kwetu, Little League. Mimi nilikulia kwenye soka, lakini nilijitolea kusaidia timu, nikapewa kazi ya kuandika matokeo na kuhesabu mipira ya mrushaji wetu. Jumamosi moja mtoto wa mwenzetu, rika la mwanangu, alirusha mara 71. Kocha akaninong'oneza niandike 50, maana Jumanne tulikuwa na mechi ngumu. Nikaandika. Jumanne mtoto akarushishwa tena, nikamwona anakunja na kukunjua mkono, kisha anashika kiwiko. Tangu hapo silali. Mke wangu anasema niachane na mchezo wa watu. Nami ni mgeni, nitamwambia nini kocha aliyezaliwa nao?*
*Baba Neema*

Baba Neema, nakuheshimu, kwa hiyo sitakuzungusha: ulikosea. Lakini kiwiko kile umekiona, na huenda waliokuwa wakishangilia hawakukiona. Ndiyo maana sitaki uondoke.

Ile 50 haikuokotwa njiani. Kanuni za Little League zinamruhusu mtoto wa miaka 11 au 12 kurusha hadi mipira 85 kwa siku, kwa hiyo 71 zenyewe hazikuwa kosa. Kilichoibwa ni mapumziko. Aliyerusha 66 au zaidi anapumzika siku 4. Aliyerusha kati ya 36 na 50 anapumzika 2 tu. Kwa 71, kijana yule asingerusha tena kabla ya Alhamisi. Kwa 50, Jumanne yuko huru. Ungeandika hata 51, angedaiwa siku 3 na mechi ile ingempita. Kocha alijua anachoomba.

Na siku hizo hazikuwekwa kwa ajili ya makaratasi. Mifupa ya mtoto wa miaka 12 bado inakua. Upande wa ndani wa kiwiko kuna gegedu laini ambapo ukuaji huo unaendelea, na kila mpira unaorushwa kwa nguvu unavuta kano zilizojishikiza hapo. Pakivutwa mno bila kupumzishwa panauma na kuvimba, na kipande cha mfupa kinaweza hata kubanduka. Madaktari wa Marekani wameyaona maumivu haya kwa watoto wengi kiasi cha kuyaita kwa jina la ligi yenyewe, kiwiko cha Little League. Tangu 2007 ligi inahesabu mipira badala ya vipindi vya mchezo, kwa sababu kipindi kimoja kinaweza kuisha kwa mipira 8 na kingine kikala 30. Mkono unachoshwa na mipira.

Basi leo hii wapigie simu wazazi wa kijana. Usianze na kocha, kiwiko kwanza. Waambie alirusha 71, kwamba wewe ndiye uliyeandika 50, na kwamba ulimwona akishika kiwiko. Waombe wampeleke kwa daktari, na asirushe mpaka aonekane. Wanaweza kukufokea. Wasikilize mpaka wamalize.

Kisha kocha, ana kwa ana, watoto wakiwa mbali. Naye amejitolea kama wewe, pengine anakuja uwanjani akitoka kazini, kwa hiyo usimwaibishe. Mwambie, "Kocha, namba ya Jumamosi naisahihisha iwe 71, na viongozi wa ligi nawaarifu. Kuanzia sasa naandika ninachokiona." Ligi yenu ina kamati, na ndani yake yupo afisa wa usalama. Huyo ndiye wa kumpelekea.

Unasema wewe ni mgeni. Baba, hukuombwa kumfundisha mtu besiboli. Kwa kanuni zao, anayehesabu mipira anawajibika kutaja hesabu akiulizwa na kocha yeyote au mwamuzi. Kujua ni lini mrushaji atolewe ni mzigo wa kocha. Wako ni kuhesabu, na ulihesabu sawasawa mpaka 71.

Najua pia unaogopa kocha asije akamlipizia mwanao kwa kumweka benchi, ingawa hukuandika hivyo. Kanuni inamlinda: katika mechi za kawaida za msimu kila mtoto aliyefika lazima apate zamu ya kupiga walau mara moja, na akae uwanjani hadi wapinzani 6 watolewe. Akinyimwa, yule afisa unamjua tayari.

Mkeo nampa pole, ameona usiku unavyokutesa. Lakini asiseme ni mchezo wa watu wakati mwanawe yumo. Kabla hujapokelewa ulijaza fomu, ukachunguzwa kama una rekodi ya uhalifu, kwa sababu ligi haimwachii mtu yeyote tu watoto wake. Ulipita. Mwanamume wa namna hiyo ndiye ninayetaka aketi pale na kalamu mechi ijayo.

Daktari akishamwona kijana, niandikie uniambie amesema nini.