Somo la Historia: Njia Nyofu ya Damasko

Katika Matendo ya Mitume 9:11 tunasoma jina la njia moja: Nyofu. Wengi wanazani ni mfano tu. Hapana. Njia ile iko mpaka leo katika mji wa zamani wa Damasko, inchi ya Siria. Inatoka magharibi kwenda mashariki, urefu karibu kilometa moja na nusu.

Tuitembee pamoja:

1. Magharibi kuna soko lenye paa. Linaitwa Midhat Pasha, jina la gavana wa Waturuki (1878-1880).

2. Katikati kuna tao la mawe la Waroma. Lilifunikwa na udongo, kisha likafukuliwa na kuinuliwa. Zamani za Waroma njia ilikuwa pana, yenye nguzo kila upande. Baadaye maduka na nyumba zikaipunguza.

3. Mashariki kuna mlango wa mji, Bab Sharqi, wa Waroma vilevile. Karibu yake iko kanisa ndogo chini ya udongo. Mutu anashuka ngazi. Wakristo wa kule wanasema ndiyo fasi ya nyumba ya Anania.

Kwa nini tunajifunza hii? Saulo alikuja kufunga waamini, na Anania alijua. Aliogopa. Lakini Bwana alimwambia jina la njia na la mwenye nyumba, Yuda. Anania akaenda, akamwita adui yule ndugu.

Ulizo: Yule uliyegombana naye anakaa avenu gani? Utaenda siku gani?