Kuandaa Ziara ya Mafunzo Ujerumani: Kutoka Tendaguru hadi Berlin

Ziara ya mafunzo ni somo kama masomo mengine, ila darasa lake liko mbali na ubao. Isipoandaliwa, wanafunzi hurudi na picha nyingi na maarifa machache. Katika makala haya tunaeleza jinsi ya kuwaandaa wanafunzi wa sekondari wa Tanzania kwenda Berlin kumwona dinosaria aitwaye na wengi mjusi wa Tendaguru.

Madhumuni. Hatuna budi kuchagua swali moja la kuongoza ziara nzima. Twapendekeza hili: mifupa iliyochimbwa Lindi ilifikaje Berlin, na kwa jasho la nani? Swali hili huunganisha historia, jiografia na biolojia.

Matayarisho darasani. Wanafunzi wajifunze kwamba Wajerumani walichimba Tendaguru tangu 1909 hadi 1913, miaka michache tu baada ya Vita vya Maji Maji (1905–1907). Waafrika kwa mamia waliifukua mifupa hiyo, na wapagazi wakaibeba kwa miguu hadi bandari ya Lindi. Boheti bin Amrani, msimamizi wa wachimbaji, atajwe kwa jina. Kila kikundi kichore ramani ya njia ya wapagazi kabla ya kuchora ile ya ndege.

Taratibu. Maombi ya viza ya Schengen huweza kupelekwa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na yasichelewe kupita siku 15 kabla yake. Hutakiwa pia bima ya safari isiyopungua yuro 30,000 na, kwa watoto, idhini ya wazazi. Kwa hiyo mwalimu aanze maandalizi mwaka mzima kabla.

Siku yenyewe. Katika jumba la Museum für Naturkunde, kiunzi cha mjusi huyo, kilichosimamishwa mara ya kwanza 1937, kina kimo cha zaidi ya mita 13. Wanafunzi waachwe kwanza washangae bila kalamu mkononi. Kisha wasome maelezo yaliyopo na kuandika: nani ametajwa, na nani hakutajwa? Mwalimu asiwajibie.

Wanaobaki. Hapa ndipo penye mtihani mkubwa. Nauli ni ghali, na uchaguzi ukiachwa uamuliwe na fedha, wataondoka watoto wa wenye uwezo peke yao. Shule isipoweza kuchanga mfuko wa kuwasaidia wengine, ni heri darasa zima liende Lindi kuliko wachache kwenda Berlin. Ikiweza, kila msafiri akabidhiwe swali la mwenzake aliyebaki, naye amrudishie jibu kwa maandishi.

Tathmini. Baada ya safari tusiwapime waliosafiri tu. Tumwite mbele ya darasa mmoja wa waliobaki, atueleze safari ya mifupa ile tangu shimoni hadi jumbani. Akiweza, ziara imefaulu.