Kisima Kimoja, Ndoo Nyingi: Mambo ya Kufanya na Kutofanya Unapotafuta Mtandaoni Ukiwa Katavi

Kijana wa kidato cha nne, mzaliwa wa Makanyagio hapa Mpanda, aliniletea kazi yake ya historia niipitie kabla hajaikabidhi. Mstari wa kwanza kabisa ulisema Mpanda ni wilaya ya Mkoa wa Rukwa. Nikamuuliza anaishi mkoa gani. Akajibu Katavi, bila kusita. Kisha akanyoosha simu yake: "Lakini mtandao ndio umesema hivi, mwalimu."

Mkoa wa Katavi ulimegwa kutoka Rukwa mwaka 2012, yeye akiwa bado hajaanza shule. Amekua ndani ya Katavi, kitambulisho cha mama yake kimeandikwa Katavi, lakini mbele ya ukurasa wa zamani ulioletwa na simu akajiona yeye ndiye mwenye makosa. Jambo hili liliniuma kuliko makosa yote ya tahajia niliyowahi kusahihisha. Masharti yafuatayo nayaandika kwa ajili yake, kwa wenzake, na kwa kila mkulima, mzazi na mwenye steshenari mkoani humu.

Usiridhike na injini uliyoikuta kwenye simu

Hukuichagua. Ulinunua simu dukani, ukaweka laini na bando, ukakuta sehemu ya kutafutia tayari iko mbele yako, na nyuma yake iko Google. Hilo halikutokea kwa bahati. Mwaka 2021 pekee Google ililipa zaidi ya dola bilioni 26 kwa kampuni za simu na za vivinjari ili yenyewe ndiyo itangulie kila mtu anapotaka kutafuta. Hesabu hiyo ilianikwa mahakamani Marekani, na Agosti 2024 Jaji Amit Mehta akaamua kwamba Google imevunja sheria kwa kuhodhi soko la utafutaji.

Sikwambii uiache. Ni injini kubwa na imewasaidia wengi, mimi nikiwamo. Ninachokutaka ujue ni kwamba hiyo ni moja kati ya nyingi. Fungua mipangilio ya kivinjari chako leo, tafuta sehemu ya injini ya kutafutia, uone majina mengine yaliyokaa hapo kwa miaka bila wewe kuyagusa.

Jua kisima kabla ya kusifia ndoo

Hapa ndipo wengi wanapopotea, hata wale wanaojiona wajanja wa mtandao. Injini ya kutafutia haiingii mtandaoni pale unapouliza. Programu zake zimekwisha kupita tovuti moja baada ya nyingine, zikasoma, zikahifadhi orodha kubwa ya maneno na kurasa, yaani faharasa. Unapouliza, jibu linatoka kwenye faharasa hiyo. Ukurasa ambao haukupitiwa, kwa injini hiyo haupo duniani.

Sasa sikiliza. Kujenga faharasa ni gharama kubwa mno, kwa hiyo wenye faharasa zao wenyewe ni wachache. Google wanayo tangu 1998. Microsoft wanayo, na injini yao inaitwa Bing tangu 2009. Yandex ya Urusi wanayo, Baidu ya China wanayo. Mojeek ya Uingereza ni ndogo, lakini faharasa ni yake. Brave Search, iliyofunguliwa 2021, nayo imejenga ya kwake. Wengine wengi wanaazima. Yahoo huchota kwa Bing. DuckDuckGo, iliyoanzishwa 2008, huchota sehemu kubwa kwa Bing, ingawa haihifadhi kumbukumbu za ulichotafuta. Startpage ya Uholanzi hupeleka swali lako Google bila kukutaja. Ecosia ya Ujerumani hununua majibu kwa Bing na kwa Google, na faida yake huipeleka kwenye upandaji wa miti.

Kwa hiyo usinijie ukisema umehakikisha jambo kwa sababu Yahoo, DuckDuckGo na Bing zote zimekubaliana. Hujahakikisha kitu. Umechota kisima kimoja kwa ndoo tatu. Ukitaka kulinganisha kweli, weka Google upande huu, Bing au DuckDuckGo upande ule, kisha ongeza Brave au Mojeek. Zikitofautiana, hapo ndipo kazi yako ya kusoma inapoanza.

Zipime kwa maswali ambayo majibu yake unayo

Watu hupima injini kwa kuiuliza wasichokijua, kisha husifu ile iliyojibu kwa maneno matamu. Hicho si kipimo. Mwenye mizani hukagua mizani yake kwa jiwe ambalo uzito wake anaujua.

Sisi wa Katavi tunayo mawe ya kutosha. Uliza Mpanda iko mkoa gani, uone ni injini ipi inatanguliza kurasa za kabla ya 2012. Uliza ukubwa wa Hifadhi ya Taifa ya Katavi. Ni kilomita za mraba 4,471, lakini hifadhi ilipotangazwa mwaka 1974 ilikuwa ndogo zaidi, ikapanuliwa miaka ya 1990, na kurasa za zamani bado zinabeba kipimo cha awali. Uliza urefu wa reli ya Kaliua hadi Mpanda, ambayo ni kama kilomita 210. Uliza jina la makao makuu ya mkoa. Tumia maneno yaleyale, siku ileile, simu ileile, kwenye dirisha la faragha ili injini isikupe majibu kwa kufuata mazoea yako. Chukua daftari. Andika majibu matano ya kwanza ya kila injini, na pembeni andika kila ukurasa ulichapishwa lini. Tarehe ndiyo itakayokufungua macho.

Usitupe neno moja ukangoja muujiza

Andika "Mpanda" peke yake uone. Utaletewa mpanda mlima, mpanda baiskeli, mpanda farasi. Andika "Tanganyika" ukitafuta wilaya yetu ya Tanganyika, utapewa ziwa, utapewa na historia ya nchi kabla ya muungano. Andika "Katumba", na injini itachanganya makazi ya Katumba yaliyowapokea wakimbizi wa Burundi wa mwaka 1972 na Katumba ya Rungwe kwenye mashamba ya chai. Na yule anayetafuta madini ya risasi yaliyochimbwa Mpanda, asishangae akiletewa habari za polisi na majambazi.

Ongeza neno la pili na la tatu: mkoa, wilaya, mwaka. Funga jina refu ndani ya alama za kunukuu, "Wilaya ya Tanganyika", ili maneno yasitenganishwe. Weka alama ya kutoa mbele ya neno usilolitaka, kama -ziwa. Ukitaka nyaraka za serikali pekee, andika site:go.tz mwishoni mwa swali. Alama hizi zinafanya kazi kwenye injini nyingi kubwa, na hazihitaji bando la ziada.

Tafuta kwa majina ya waliotangulia kuandika

Hili nalipenda, na nasikitika kwamba shule zetu hazilifundishi. Habari nyingi za Katavi ziliandikwa na wageni, kwa tahajia zao na kwa majina yao. Reli yetu ilijengwa wakati wa Waingereza kufuata risasi ya Mpanda, na kampuni iliyochimba iliitwa Uruwira Minerals. Andika "Uruwira" na milango inafunguka ambayo neno "Mpanda" halikuwahi kuigusa.

Au chukua Karema, pale kando ya Ziwa Tanganyika, ambako Wabelgiji walijenga ngome mwaka 1879 na Wamisionari wa Afrika wakaipokea 1885. Pale alifanya kazi Adrian Atiman, mtu wa Afrika Magharibi aliyetekwa utumwani akiwa mtoto, akakombolewa, akasomea udaktari Malta, akafika Karema 1889 na kutibu watu hadi kufa kwake 1956. Ukiandika "Adrian" utapata kiasi. Ukiandika "Adrien", kama Wafaransa walivyoliandika, utapata mengine. Fanya yote mawili, tena kwenye injini mbili zisizochota pamoja. Kama hujui Kifaransa, muulize padri au mtu aliyesoma Kongo au Burundi. Mpanda hatuwakosi.

Usitafute mahali ambapo njia yake unaijua

Matokeo ya mtihani yako necta.go.tz. Maombi ya kazi za serikali yako kwa Sekretarieti ya Ajira, ajira.go.tz. Mikopo ya elimu ya juu iko heslb.go.tz. Iandike anwani yenyewe juu kabisa kwenye kivinjari. Ukiitafuta kupitia injini, unajipitisha katikati ya matangazo ya kulipiwa na kurasa za watu waliovaa nembo ya serikali ili wachukue namba yako ya NIDA au wakudai "ada ya usaili". Anwani inayoishia na .go.tz ni ya taasisi za serikali tu. Yenye go.tz katikati, ikafuatwa na nukta au kistari badala ya mkwaju (/), ni mtego. Ukitumiwa ujumbe wa utapeli kwa simu, upeleke 15040, halafu uufute.

Usimwagie shamba dawa kwa sababu ya jibu la juu

Tangu viwavijeshi vamizi waingie nchini mwaka 2017, kila msimu mkulima wa mahindi hushika simu na kuuliza dawa. Jibu la kwanza laweza kuwa limeandikwa kwa mkulima wa Marekani au India, kwa dawa isiyosajiliwa hapa. Tumia injini kumjua mdudu: andika jina lake la kisayansi, Spodoptera frugiperda, tazama picha, linganisha na alama za kichwani. Dawa na kipimo chake visome kwa mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, TPHPA, na umuulize afisa ugani wa kata. Na ule muhtasari unaoandikwa na akili mnemba juu ya majibu yote, usiufanyie kazi kabla hujafungua ukurasa uliotumika kuuandika. Kosa la gramu kwenye pampu halirudishwi kwa kutafuta upya.

Mwenye steshenari, hili ni lako

Kwenye kompyuta yako wanakaa watu ishirini kwa siku. Binti anatafuta dalili za ujauzito. Baba anauliza kuhusu dawa za kufubaza virusi. Mwanafunzi anaacha nywila ya mkopo wake imehifadhiwa. Usidhani kwamba kuweka DuckDuckGo kumemaliza kazi. Injini hiyo haitunzi swali, lakini kivinjari chako kinalitunza, na mteja anayefuata akianza kuandika herufi mbili, swali la mwenzake linajitokeza. Fungulia kila mteja dirisha la faragha. Lifunge akiondoka, mbele ya macho yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ipo, lakini hata isingekuwapo, hii ni siri ya mtu aliyekuamini.

Mtandao ukiwa hafifu

Wa Mishamo na Inyonga, andikeni lite.duckduckgo.com. Ukurasa ni maandishi matupu, hufunguka hata pale picha zinapogoma.

Andika kile ambacho injini zote zimekikosa

Ukishalinganisha zote na jibu halipo, usiseme Katavi haina historia. Haijaandikwa. Hakuna injini, kubwa au ndogo, inayoweza kuleta kilichobaki kifuani mwa bibi wa Kipimbwe au mzee wa Kibende. Wikipedia ya Kiswahili ipo tangu 2003 na inamruhusu yeyote kusahihisha na kuongeza, mradi aonyeshe chanzo kilichochapishwa. Yasiyo na chanzo yaandikwe kwenye daftari, yenye jina la kijiji na tarehe, yatunzwe shuleni.

Nimewapa wanafunzi wangu kazi ya likizo. Kila mmoja achague mahali pamoja anapopajua kwa miguu, aulize wazee watatu, kisha alinganishe maneno yao na injini tatu zisizochangia kisima. Kijana wa Makanyagio amechagua stesheni ya reli. Jana alikuja kuniuliza kama ni kweli kwamba treni ya kwanza ilikuja kubeba mawe kabla ya kubeba watu, na alikuwa amekwisha kuandika swali hilo kwenye daftari kwa njia nne tofauti.