Kuvunjika kwa Misuli na Hatari Yake kwa Figo

Katika miaka ya 1940 na 1941 jiji la London lilipigwa mabomu, na watu wengi walifukiwa na vifusi vya majumba. Mwaka 1941 madaktari Bywaters na Beall walieleza habari za majeruhi waliobanwa kiungo kwa saa nyingi. Walipofikishwa hospitali walionekana kuwa na hali nzuri. Baadaye kiungo kilivimba, mkojo ukawa mweusi na kupungua, figo zikashindwa kufanya kazi. Na mara nyingi mgonjwa alifariki kabla ya wiki kwisha. Je, mguu uliobanwa wawezaje kudhuru figo zilizo mbali nao?

Jibu limo ndani ya seli ya msuli. Utando wa seli hutumia nishati kuzuia kalsiamu isiingie kwa wingi na potasiamu isitoke. Nishati ikipungua, au utando ukiharibiwa, kalsiamu hujaa ndani na kuamsha vimeng'enya viharibuvyo seli. Seli hupasuka, na vilivyomo humwagika. Kiungo kikiwa kingali kimebanwa, vitu hivyo hubaki humo. Kikifunguliwa, damu huvisambaza mwilini. Potasiamu ikizidi yaweza kusimamisha moyo. Miyoglobini, yaani protini nyekundu ihifadhiyo oksijeni katika misuli, huziba na kudhuru mirija midogo ya figo, hasa mwili ukiwa na upungufu wa maji.

Kubanwa si chanzo pekee. Mazoezi makali ambayo mwili haujayazoea, hasa penye joto, huweza kuleta madhara hayo hayo. Vyanzo vingine ni mshtuko wa umeme, sumu ya baadhi ya nyoka wa baharini, ulevi wa kupindukia, dawa fulani, maambukizo ya virusi, na upungufu wa kurithi wa vimeng'enya vya misuli. Vyanzo ni vingi, lakini njia ni moja.

Katika nchi zetu mkojo mwekundu hudhaniwa mara moja kuwa ni kichocho. Hata hivyo, kipimo cha kemikali kikionyesha damu, na hadubini isionyeshe chembe nyekundu, yafaa kushuku miyoglobini. Mwanafunzi ambaye baada ya mbio ndefu ana maumivu makali ya misuli na mkojo wa rangi ya chai ya rangi apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Akiongezewa maji mishipani mapema, figo zake huweza kuokolewa.