Tufundishe Kufikiri Kabla ya Kununua Kompyuta



Katika somo la robo hii tunazungumzia jambo ambalo sisi wenyewe tulilikosea. Miaka kadhaa iliyopita tuliomba michango ya kununulia kompyuta shule moja tunayoshirikiana nayo. Michango ilipatikana. Kompyuta 12 ziliwekwa katika chumba chenye mlango wa chuma, nasi tukaandika katika taarifa yetu kwamba zimefika salama. Hatukuandika watoto walijifunza nini, kwa sababu hatukuuliza. Tuliporudi tulikuta chumba kimefungwa na umeme umekatwa kwa sababu ya deni. Wanafunzi wachache waliowahi kuingia walikuwa wamefundishwa kuwasha, kuandika majina yao na kuzima.

Kosa halikuwa la mwalimu. Sisi tulinunua chombo kabla ya kujua tunataka kifundishe nini.

Jambo hili lina uzito zaidi sasa. Nchini Kenya, sekondari msingi, yaani gredi ya 7 hadi ya 9, ilianza Januari 2023, na wanafunzi wa umri huu wanatarajiwa kujifunza mambo ya kompyuta. Shule nyingi zitabisha mlango wa parokia kuomba msaada. Tutawajibu nini?

Fikra za kikompyuta ni nini?

Mwaka 2006 Jeannette Wing, mtaalamu wa sayansi ya kompyuta wa Marekani, aliandika makala akisema kwamba namna ya kufikiri ya wataalamu wa kompyuta inamfaa kila mtu, si wao peke yao. Haina maana ya kufikiri kama mashine. Ni kulipanga tatizo hadi liweze kutatuliwa hatua kwa hatua. Kwa kawaida hutajwa sehemu nne:

1. Kuligawanya tatizo. Kamati inayoandaa sikukuu ya parokia hugawanya kazi: chakula, viti, usafiri, ratiba.
2. Kutambua yanayofanana. Tunaangalia mwaka jana tulipika mchele kiasi gani kwa watu wangapi.
3. Kuacha yasiyohitajika. Ramani ya njia ya kufika kanisani haionyeshi kila mti.
4. Kupanga hatua kwa utaratibu. Mpangilio huo huitwa algoriti, neno linalotokana na jina la al-Khwarizmi, mwanachuoni aliyefanya kazi Baghdad katika karne ya 9.

Mazoezi matatu yasiyohitaji umeme

Katika miaka ya 1990 Tim Bell, Ian Witten na Mike Fellows walikusanya mazoezi ya kufundisha sayansi ya kompyuta bila kompyuta. Kazi hiyo iliendelezwa katika Chuo Kikuu cha Canterbury, Nyuzilandi, na hutolewa bure. Zoezi la kwanza hapa limo katika mkusanyo wao.

Kadi tano. Kata maboksi utengeneze kadi zenye nukta 16, 8, 4, 2 na 1. Wanafunzi watano wasimame mbele kwa mpangilio huo, kila mmoja na kadi yake. Darasa litaje namba, mfano 19. Wenye 16, 2 na 1 waonyeshe nukta. Wenye 8 na 4 wafunike. Kadi iliyo wazi iandikwe 1, iliyofunikwa 0. Hivyo 19 inakuwa 10011. Waulize: namba kubwa kabisa ni ipi? (31.) Kadi ya sita iwe na nukta ngapi? (32.) Hapo wameelewa jinsi kompyuta inavyohifadhi namba.

Kutafuta namba. Mwanafunzi afiche namba kati ya 1 na 100. Wenzake waulize maswali ya ndiyo au hapana. Anayetaja moja moja anaweza kuuliza karibu mara mia. Anayeanza na "Je, imezidi 50?" na kuendelea kugawa nusu hahitaji zaidi ya maswali 7. Kwa namba 1,000, maswali 10 yanatosha. Wanafunzi waeleze kwa nini, na kwa nini njia hii haifai kwenye orodha ya majina isiyopangwa.

Mwalimu mtiifu. Wanafunzi waandike maagizo ya kumtoa mwalimu mlangoni hadi mezani. Mwalimu ayafuate neno kwa neno. Wakisahau kumwambia ageuke, atafika ukutani. Darasa litafute hatua yenye kosa, liisahihishe, kisha wajaribu tena. Mtoto anajifunza kwamba kukosea si aibu, ni sehemu ya kazi.

Je, kompyuta hazihitajiki?

Zinahitajika. Kadi hazitoshi, na mtoto wa kijijini asinyimwe kompyuta kwa kisingizio kwamba anaweza kutumia maboksi. Lakini aliyefanya mazoezi haya atajua la kufanya atakapofika mbele ya kioo. Programu ya Scratch, iliyotolewa na chuo cha MIT cha Marekani mwaka 2007, ni ya bure, na inaweza kuwekwa ndani ya kompyuta ikatumika bila intaneti. Wanafunzi wawili washirikiane, mmoja akiandika na mwenzake akikagua, kisha wabadilishane.

Kwa wanakamati: kabla ya kupitisha fedha, tengeni fungu la mafunzo ya mwalimu, la umeme na la matengenezo. Kama fungu hilo halipo, anzeni na kadi.

Kwa wafadhili wetu: tukiwaletea taarifa ya idadi ya kompyuta pekee, tuulizeni watoto wanaweza kufanya nini leo ambacho hawakuweza jana. Mnayo haki ya kujibiwa.

Maswali ya kujadili

- Shule iliyo karibu nasi ina vifaa gani ambavyo havitumiki? Kwa nini?
- Nani anashika ufunguo wa chumba cha kompyuta, na hufunguliwa mara ngapi kwa wiki?
- Katika kikao kijacho, je, tunaweza kufanya zoezi la kadi sisi wenyewe kabla ya kujadili bajeti?